Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kwenye ploti yetu ya Huruma hakuna mtu anayeumwa na kitu kingine ila taifodi. Kichwa kikikugonga ni taifodi. Ukichoka, ukikosa hamu ya chakula, ukigombana na mume bila sababu, majirani wanakutazama machoni na kukwambia taifodi yako imeamka, nenda ukapimwe. Tunaisema kama mpangaji mwenzetu anayelala na kuamka anapotaka. Na mimi ninayejulikana ploti nzima kwa mdomo wangu, mimi ninayeweza kubishana na landilodi mpaka akasahau alichokuja kudai, kwa hilo la taifodi sikuwahi kubisha hata siku moja.

Ya kwanza ilinipata mwaka ule bomba la maji lilipopasuka karibu na mtaro wa maji machafu. Tulikuwa tunachota maji yenye harufu na kujifanya hatuisikii. Nilihara mpaka nikawa natembea nimeshika ukuta. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyekuwa na maneno mengi hata akiwa na furaha. Aliniweka kwenye bodaboda katikati yake na dereva kama gunia la viazi, akanipeleka kwa kemisti wetu pale chini ya barabara. Kemisti akanitoboa kidole, akaangalia kikaratasi chake, akasema taifodi iko juu. Akanidunga sindano na kunipa vidonge. Nilipona, na siwezi kusema uongo hapo: mara ile ya kwanza dawa zilinitoa shimoni, nikarudi mjini kwenye cherehani yangu kushona sare za shule.

Shida ni kwamba tumbo halikurudi lilivyokuwa. Lilijaa gesi, lilinguruma mbele ya wateja, leo limefunga, kesho linanikimbiza. Basi nikarudi kwa kemisti. Kidole, kikaratasi, taifodi iko juu, vidonge vikali kuliko vya kwanza. Nikarudi tena na tena. Kuna wakati nilinunua dawa bila hata kupimwa, maana jina la vidonge nilishalijua kama jina la mtoto wa jirani. Hakuna aliyeniona mjinga, kwa sababu wote tulifanya hivyo. Mama wa mlango wa pili alikuwa akinigawia za kwake zilizobaki, na mimi nilimshukuru.

Halafu kuna kitu kikaja ambacho sikuwa na jina lake. Huzuni naijua. Nilimzika baba yangu, nikalia mpaka nikamaliza, nikaosha uso nikapika. Hiki hakikuwa na machozi. Kilikuwa kama ule mwili wa mafua siku ya kwanza, viungo vinauma, unataka blanketi na hutaki mtu akusemeshe, isipokuwa mafua hupita na hiki hakikupita. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nilisahau vipimo nikiwa nimetoka kuvichukua. Siku moja nilimkatia mapazia mama mmoja wa Elgon View, mtaa wa wenye pesa, nikayakata mafupi mkono mzima, kitambaa kizuri kabisa kikaharibika. Alikuja dukani na ufunguo wa gari mkononi, akanisema mbele za watu, na mimi nikasimama tu nikiangalia mkasi. Wenzangu wa cherehani wakatazamana. Waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo walipojua naumwa, siku niliyotukanwa nikanyamaza.

Lakini si hayo yaliyonitisha. Nina mtoto mmoja, msichana, wakati huo alikuwa darasa la pili. Kila asubuhi kabla ya shule alikaa katikati ya magoti yangu nimsuke, na ndipo alipokuwa akinipa habari zote za dunia yake, nani amepigana na nani, mwalimu gani amevaa viatu vipya. Asubuhi moja alikuwa akinisimulia mvulana aliyemeza kifungo cha shati, anacheka mpaka anaegemeza kichwa kwenye paja langu. Nilikitazama kile kichwa. Hakuna kilichotikisika ndani yangu. Ilikuwa kama nimeshika kichwa cha mtoto wa mtu yeyote, au kabeji sokoni. Nilimaliza kumsuka kwa sababu mikono ilijua kazi yake, akaenda shule, nikabaki nimekaa na kitana mkononi.

Kuanzia siku hiyo sikuomba tena tumbo lipone. Niliomba kitu kimoja tu, mtoto wangu anirudie moyoni. Na niliogopa kumwambia mtu, kwani mama wa namna gani huyo anayesema hamsikii mtoto wake?

Niliwaambia kina mama wa kanisa kwamba nina mzigo, sikusema ni upi. Wakasema ni vita vya kiroho na tufunge, mfungo mkavu, bila chakula wala maji. Walinipenda, hilo silikatai. Walifunga pamoja nami, na mmoja wao alikuwa na sukari na hakupaswa kufunga hata saa moja. Lakini mwili uliokuwa umeishiwa ukaongezewa njaa, na kabla mfungo haujaisha nilianguka kati ya viti vya kanisa. Mume wangu aliitwa kutoka kazini. Alikuja na ile miwani ya kuchomelea bado iko kichwani, akaninyanyua, na safari hii hakunipeleka kwa kemisti.

Hospitalini tulingoja sana, kisha tukaingia kwa daktari msichana aliyeonekana amechoka kuliko mimi. Mume wangu alikuwa amebeba kwa mfuko pakiti tupu za dawa zote nilizomeza, akazimwaga mezani pake. Daktari akazitazama muda mrefu. Aliuliza kuhusu tumbo, kisha akauliza kuhusu usingizi, na chakula, na kama kuna kitu chochote kinachonifurahisha. Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia lile la mtoto. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni yangu, na ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza.

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chepesi. Kwamba ndani ya matumbo kuna vijidudu wengi, na wengi wao si maadui, wanasaga chakula, wanatengeneza vitu ambavyo mwili unavihitaji, wanazuia wabaya wasipate pa kukaa. Zile dawa hazichagui, zinafagia wote. Na tumbo likishachafuka hivyo, kinga ya mwili inakaa macho kama askari waliosikia kelele getini, na askari hao wakikaa macho muda mrefu wanatuma habari mpaka kwenye ubongo: lala, usile, jitenge na watu, usitamani chochote. Ndiyo maana mtu mwenye homa hataki hata kusalimiwa. Kwako, akasema, huenda hiyo habari imetumwa ikasahaulika kusimamishwa. Alisema huenda. Alirudia kwamba wataalamu wenyewe bado wanajifunza, kwamba hawezi kuapa tumbo ndilo lililoleta haya, na kwamba ugonjwa wa huzuni una milango mingi. Vipimo vyake havikuona taifodi yoyote. Akanikataza dawa za kemisti, akaniambia nile vyakula vya kawaida, maharagwe, mboga, maziwa lala kama tumbo litayakubali, na akaniandikia vidonge vya huo ugonjwa wa huzuni, nivimeze kila siku kwa miezi, hata nikijisikia sivihitaji.

Mume wangu akampigia mama yake simu, naye akafika kesho yake kutoka shambani, upande wa Moiben, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kulazwa, kimefungwa kwa leso.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi nimezaliwa na wazazi wenye duka waliotoka Mkoa wa Kati, kwetu maziwa ni ya chai. Nilipoolewa kwa hawa watu nilikuta maziwa yanalazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti kinachowaka, mpaka yanatoka ya kijivu, yenye moshi, makali. Siku yangu ya kwanza pale nilikalishwa sebuleni, kibuyu kikatikiswa mbele yangu, nikamiminiwa mimi kwanza kwenye gilasi na kupewa kwa mikono miwili. Ndivyo mgeni anavyopewa. Watu wa nyumbani hawapewi hivyo, kila mmoja ana kikombe chake cha bati kinachoning'inia jikoni na anajichotea. Mama mkwe aliniambia siku hiyo hiyo kwamba nitakapoingia jikoni kuchukua kikombe bila kuambiwa, atajua nimefika kwangu.

Nilitaka kufika haraka. Juma lile lile, ili nionekane mke mwenye bidii, nikakichukua kibuyu chake kikubwa nikakiosha. Kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikakisugua ndani na brashi ya chupa mpaka kikanukia dobi. Maziwa aliyoweka humo hayakuganda. Yalioza, yakawa na utando na harufu ambayo mbwa aliikimbia. Mama mkwe alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanuna siku nzima, kwa sababu kibuyu kile alipewa na mama yake. Alisema nimekiua. Ilimchukua muda mrefu kukirudisha, kukichoma upya ndani, kutia maziwa na kuyamwaga, kutia na kuyamwaga tena, mpaka siku moja yakaganda vizuri, na siku hiyo nikaingia jikoni kuchukua kikombe.

Sasa mume wangu alipomweleza maneno ya daktari, mama mkwe aliketi kitandani pangu akanishika mguu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wamekuosha na sabuni."

Nilikuwa sijacheka kwa miezi na sikucheka hata hapo, lakini neno lile nililielewa kuliko nilivyomwelewa daktari. Kosa letu lilianzia hapo hapo, kwa sababu neno lenyewe lilieleweka vizuri mno. Aliona vidonge vyangu vya huzuni juu ya meza, akauliza ni vya nini, na alipoambiwa uso wake ukafunga. Kwao, kama kwetu, dawa ya kichwa ni dawa ya wazimu. Akasema kibuyu hakifufuliwi na vidonge, kibuyu kinafufuliwa na maziwa. Hakunilazimisha. Nilivirudisha mwenyewe kwenye pakiti, tena kwa furaha, maana nani anataka kuitwa mwendawazimu ploti nzima wakati anaweza kuwa kibuyu tu?

Nilikunywa kila siku, naye alihakikisha nakunywa. Na tumbo likatulia, jameni, nisiwe mwongo. Kunguruma kukapungua, nikaanza kwenda choo kama binadamu. Mama mkwe alikuwa akiwapigia watu simu kuwapa habari njema.

Lakini kichwa kikazama. Sijui kama kingezama hata hivyo, sijui chochote. Najua tu kwamba asubuhi zilikuwa nzito kuliko zile za kwanza, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akimsuka mtoto. Jioni moja mtoto alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akaja akasimama karibu na kitanda. Hakunigusa. Alikuwa amejifunza kutonigusa. "Mama," akaniuliza, "nilikukosea nini?"

Jibu lilikuwepo. Nililiona pale lilipo, neno moja tu, nikashindwa kulinyanyua. Alingoja kidogo, akaenda kukaa na bibi yake.

Mume wangu alipofika nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema unga umeisha, kwamba nimefikiria sana na naona wao wawili watakaa vizuri zaidi nikiwa sipo duniani. Aliketi sakafuni. Akaniambia nisilirudie hilo neno, kisha akaniambia nilirudie, lote, polepole, asikie vizuri. Nililirudia. Hakutoka tena kwenda mahali. Kulipokucha alimwomba mama yake aondoke na mtoto shambani, atafutiwe nafasi kwenye shule ya huko, naye akanishika mkono mpaka kwa yule daktari, akanishika hata pale tulipokuwa tumeketi.

Daktari alikasirika, na nilipenda kwamba alikasirika. Alituambia mtu si kibuyu. Maziwa endeleeni nayo, akasema, tumbo limeyafurahia, lakini huu ugonjwa unaua watu, na vidonge hakuna kuacha. Alitaka kunilaza. Mume wangu akaomba anichunge mwenyewe, na daktari akakubali kwa sharti kwamba nisiachwe peke yangu hata dakika moja na nirudi kwake kila juma. Basi nikawa naenda na mume wangu kazini. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mageti ya watu, nikiwa nimegeuza uso nisiangalie moto. Mama mkwe alielezwa yote kwa simu. Tangu hapo alinipigia kila asubuhi. Hakusalimia. Aliuliza, "Umemeza?" nikimwambia nimemeza anakata simu.

Wengine husimulia kupona kama kupambazuka. Mimi kwangu kilichorudi kwanza kilikuwa hasira. Nilikuwa nimeanza kwenda dukani nusu siku, nimebeba furushi la sare, mtu wa bodaboda akapita kwenye dimbwi akanirushia tope mpaka kwenye kola nyeupe. Nilimwita majina ambayo sikujua bado ninayo. Nilimtajia macho yake, leseni yake, na mwalimu aliyemfundisha kuhesabu. Nilipogeuka, mwenzangu wa cherehani alikuwa amesimama mlangoni analia.

Baada ya hapo vikaja vidogo vidogo, bila mpango. Harufu ya vitunguu vya jirani ikanitia njaa. Nikakumbuka kipimo cha mteja bila kukiangalia. Kisha siku moja nikawa nashona shati la msichana wa darasa la pili, saizi ile ile, nikaipitisha kola kwenye vidole kuangalia kama imekaa. Ghafla nikaisikia shingo. Ile shingo yake, yenye kovu dogo la tetekuwanga chini ya sikio. Moyo uliruka mpaka nikasimamisha cherehani. Nilimtamani mtoto wangu kwa namna iliyoniuma kifuani, nikalia pale dukani machozi ya kweli, ya moto, na wateja wakaondoka wenyewe.

Daktari aliniambia nisikimbilie kumchukua. Alitaka niwe imara kwanza, na shule zilikuwa katikati ya muhula. Nilingoja mpaka likizo ya Agosti. Miezi yote hiyo nilizungumza na mtoto kwa simu, na alijibu kila nilichomuuliza. Ndiyo Mama. Nimekula Mama. Nilijiambia ni simu tu, watoto hawapendi simu.

Nilishuka barabarani kule kwa mama mkwe, nikatembea njia ile ya katikati ya mahindi na miguu yangu ilikuwa na nguvu. Nilimletea rinda nililolishona mwenyewe, na kitana kipya. Kichwani nilikuwa nimeshaona jinsi atakavyokuja mbio. Mama mkwe alinilaki uani, akanitazama uso mzima, akanishika mashavu, akasema kwa lugha yake neno ambalo husemwa ng'ombe mgonjwa anaposimama. Akaniingiza sebuleni, akasema mtoto yuko nyuma anakuja.

Alikuja. Alikuwa amerefuka. Nywele zilisukwa kwa mtindo wa kina bibi, safi, na sikuwa mimi niliyezisuka. Alinipa mkono. Nikamvuta, nikamkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, akangoja kuishe. Kisha akasema kwa adabu, "Keti, Mama," akatoka.

Aliporudi alikuwa amebeba kibuyu kikubwa, kile kile, na gilasi kwenye sinia. Akakitikisa mbele yangu kama alivyofundishwa, akamimina bila kumwaga hata tone, akanipa kwa mikono miwili. Nilimtazama mama mkwe aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nyuma yake ukutani niliviona vikombe vya bati, changu kikiwa mahali pake, na kando yake kimoja kidogo kipya. Alitikisa kichwa polepole. "Sikumtuma," akaniambia kwa sauti ndogo. Na mimi nilijua hakumtuma.

Iliniuma. Iliniuma kila mahali ambapo kwa miezi hapakuuma, na nilijua hivi ndivyo nilivyoomba, kwamba nimsikie mtoto wangu, na sasa namsikia.

Alisimama kando ya kiti changu, mikono nyuma, akingoja gilasi kama mtoto mwema anavyomngojea mgeni amalize. "Utalala," akaniuliza, "ama utarudi leo?"

Nikamwambia nimekuja kumchukua twende nyumbani. Aligeuka akamtazama bibi yake.

Nilikunywa yale maziwa polepole, funda dogo dogo, maana ningemrudishia gilasi angeondoka.